Jiwe la Juu ya Mlango

Kila siku saa tisa alasiri, kabla hata hajavua sare ya shule, Sindano aliingia chini ya meza ya kukatia nguo akiwa na sumaku mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza katika chumba cha ushonaji cha mama yake. Pini zilizoanguka tangu asubuhi ziliirukia sumaku moja moja, naye akazirudisha kwenye kopo lake. Kisha alizoa vipande vya vitambaa, akapanga nyuzi kwa rangi, na mwisho akashona vifungo. Mama yake alikuwa akiwaambia wateja, bila kujali kama binti atavimba kichwa, kwamba hajaona mtoto wa miaka kumi na miwili anayeshona kifungo kikatulia namna ile. Jina la Sindano lilitoka hapo. Wapo waliosema limetokana na wembamba wake, lakini hao hakuwasikiliza.

Wiki moja palikuwa na koti jekundu limetundikwa ukutani, karibu na kioo. Lilikuwa na kola iliyosimama, utepe wa rangi ya dhahabu mabegani na vifungo kumi na viwili vya shaba. Lilikuwa koti la kiongozi wa bendi ya shule. Sindano alikuwa amevishona vifungo vyote kumi na viwili kwa mkono wake, na kila kimoja kilimuuma rohoni, kwa sababu koti halikuwa lake. Lilikuwa la Kengele.

Kengele alikuwa binti wa fundi baiskeli. Waliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kicheko chake: akicheka, hata darasa la jirani liligeuka. Miaka miwili kabla, Kengele alipoingia kwenye bendi, hakujua kutofautisha mguu wa kushoto na wa kulia. Ni Sindano aliyemfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, akamtembeza uwanjani jioni tatu mfululizo. "Uzi, bila uzi. Uzi, bila uzi," alimhesabia, mpaka mtoto wa watu akajua kufuata mdundo.

Halafu mwalimu wa muziki akasimama mbele ya bendi na kutangaza kwamba siku ya kufungua maktaba mpya, fimbo ya kiongozi ataibeba Kengele.

"Na wewe Sindano, unabaki kwenye ngoma kubwa," alisema. "Mkono wako haukosei. Nikikutoa hapo, bendi nzima itapotea njia."

Mwalimu alidhani anamsifu. Sindano aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akatabasamu kwa meno tu. Alimfundisha mtu kutembea, na sasa mtu huyo atatembea mbele yake, mji mzima ukitazama, naye akiwa nyuma amefichwa na ngoma. Alirudi nyumbani siku hiyo akakataa chakula, akasema anaumwa kichwa.

Alhamisi Kengele alikuja kulijaribu koti. Alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akacheka.

"Mama, limenikaa! Limenikaa kabisa! Sindano, njoo uone!"

"Naona," alisema Sindano kutoka chini ya meza, ingawa hakukuwa na pini hata moja iliyobaki.

Maktaba yenyewe ilikuwa imejengwa kwa mawe ya machimbo yaliyo nyuma ya mji, na wachonga mawe walijitolea siku zao za mapumziko kuijenga. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jiwe moja. Juu ya mlango palikuwa na pengo. Ndivyo walivyofanya kazi mafundi wa machimbo yale: kila jengo walilojenga, waliacha nafasi ya jiwe moja juu ya mlango mpaka siku ya kulifungua. Siku hiyo mkuu wao huligonga jiwe la mwisho mara tatu mbele ya watu wote, ili kila mtu alisikie likilia, ndipo linapopandishwa mahali pake. Jiwe lisipolia, mlango haufunguliwi.

Mkuu wao alikuwa mzee mmoja waliyemwita Nyundo, ambaye nyusi zake zilikuwa na vumbi jeupe hata akiwa amevaa suti ya harusini. Jioni moja, wiki chache kabla, alikuja uwanjani bendi ikifanya mazoezi, akasimama na mikono nyuma, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mnapiga ngoma kama watu wanaofukuza kuku," aliwaambia. Akatoa nyundo yake na kipande cha jiwe. "Hebu sikilizeni. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Hivyo ndivyo tunavyogonga sisi."

"Na hicho kimya ni cha nini, babu?" Sindano aliuliza.

"Cha kusikiliza. Jiwe zima hulia, mjukuu wangu. Lenye ufa linakohoa. Ukigonga tu bila kusikiliza, siku moja litakupasukia mkononi."

Walicheka wote, lakini tangu siku hiyo mdundo wa bendi ukawa ule wa Nyundo. Kila mazoezi alikuja, akaketi juu ya tofali, akatingisha mguu.

Ijumaa, siku moja baada ya Kengele kulijaribu koti, saa nne asubuhi, madirisha ya darasa yalitetemeka. Wanafunzi walidhani ni lori. Kisha wakaona vumbi limepanda nyuma ya mji, na watu wazima wakikimbia kuelekea huko, wengine pekupeku. Ukuta wa machimbo ulikuwa umeporomoka. Wachonga mawe watatu hawakutoka. Mmoja alikuwa mgeni kutoka mbali, na ndugu zake walikuja kumchukua. Wa pili alikuwa kijana aliyeajiriwa mwaka ule ule. Wa tatu alikuwa Nyundo.

Sindano alilia mpaka kwikwi zikamshika, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Jumapili mji wote ulikwenda makaburini. Aliporudi, akiwa ananawa uso kwenye beseni, wazo likamjia taratibu: sherehe haitafanyika tena. Halafu likaja la pili nyuma yake: koti halitavaliwa. Aliona aibu. Lakini hakulifukuza wazo lile. Alilikaribisha, akalipa kiti.

Jumatatu Mwalimu Mkuu aliwakusanya wanabendi na viongozi wa madarasa ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Tumealika mji mzima Jumamosi hii," alisema. "Na jana tumetoka makaburini. Wapo wanaosema sherehe iendelee, wapo wanaosema ni aibu hata kuitaja. Nataka kuwasikia ninyi."

Kengele alinyoosha mkono. "Mimi naona tupige, Mwalimu. Babu Nyundo ndiye aliyetufundisha ule mdundo. Tukinyamaza itakuwa kama..." Akakwama, akatafuta neno. "Itakuwa kama hakuwahi kuja."

Anataka koti tu huyu, Sindano aliwaza. Hakujiuliza ni nani kati yao wawili aliyekuwa ameliota lile koti usiku wa jana. Alisimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, kuna nyumba hapa mjini ambazo hazijawasha jiko tangu Ijumaa. Sisi tupite mbele ya milango yao na matarumbeta na makoti mekundu? Watu watupigie makofi? Kama ni baba yako aliyezikwa jana, ungependa kusikia tarumbeta?"

Hoja ilikuwa nzuri, na mtu yeyote mwenye huruma angeweza kuitoa. Ingekuwa imetoka kwenye huruma, hadithi hii ingeishia hapa.

"Umesema jambo zito," alisema Mwalimu Mkuu. "Lakini wafiwa wenyewe wanasemaje? Kuna aliyewauliza?"

Sindano aliona uamuzi unaanza kumponyoka. Alikumbuka kwamba Jumamosi mke wa Nyundo alikuja kwa mama yake na kitambaa cheusi, kwa ajili ya magauni mawili, moja la mazishi na jingine atakalolichukua Alhamisi. Muda wote aliokuwa akipimwa hakusema neno zaidi ya, "Liwe refu, lisibane."

"Mke wa Nyundo alikuja nyumbani," Sindano alisema, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotarajia. "Alimwambia mama kwamba ngoma zikipigwa, atajua mji umeshamsahau mume wake. Alisema hataki kusikia hata mlio mmoja."

Mwalimu Mkuu aliinamisha kichwa. "Basi. Hatuwezi kumwongezea machungu. Sherehe hakuna. Maktaba tutaifungua siku nyingine, bila watu."

Walipokuwa wanatoka, mwalimu wa muziki alimwekea Sindano mkono begani. "Umekomaa, mwanangu," alimwambia. Sindano alitembea mpaka darasani kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kwa mara ya kwanza tangu fimbo itangazwe, yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Raha hiyo haikufika hata Jumatano. Saa kumi, saa ya mazoezi, ilipofika, uwanja ulikuwa mtupu, na mikono ya Sindano haikujua pa kukaa. Pengo la juu ya mlango wa maktaba lilionekana kutoka dirisha la darasa lao, na kila alipoinua macho kutoka kwenye daftari aliliona. Kengele hakucheka siku mbili nzima.

"Jana ulisema vizuri," Kengele alimwambia Jumanne, wakiwa wanakula chini ya ngazi. "Mimi nisingeweza kusema vile. Mimi nilifikiria tu tulivyokuwa tunapiga, sikuwafikiria wafiwa."

Sifa hiyo ilimkera Sindano kuliko tusi. Hata kwa wema huyu ananizidi, aliwaza, akafunga chombo chake cha chakula kabla hajamaliza.

Alhamisi alasiri alikuwa chini ya meza na sumaku yake alipoona miguu ya mke wa Nyundo ikiingia mlangoni. Alizijua ndala zile, zilikuwa na vumbi jeupe la machimbo kwenye kingo.

"Karibu, dada yangu," mama alisema. "Gauni lako liko tayari. Pole sana. Keti kwanza."

"Asante, mdogo wangu." Kiti kililia. Mke wa Nyundo alivuta pumzi. "Nina swali, na wewe mwanao ni wa bendi. Hawa watoto wamepatwa na nini? Kila saa kumi nilikuwa nawasikia kutoka uani kwangu. Tangu Jumatatu kimya. Na leo nimeambiwa sokoni kwamba hata kufungua maktaba hakuna."

Cherehani ilisimama. "Si wewe uliyekataa, dada?" mama aliuliza kwa upole. "Niliambiwa na mzazi mwenzangu kwamba wewe ndiye uliyesema hutaki kusikia ngoma. Nikaona ni haki yako, sikutaka kukuuliza."

"Mimi? Niliyemwambia ni nani?"

Pini moja ilianguka kutoka kwenye sumaku ya Sindano.

"Jiwe liko uani kwangu," mke wa Nyundo aliendelea. "Jiwe la juu ya mlango. Mume wangu alilimaliza Jumatano ile, akaliegemeza kwenye ukuta, chini ya kamba ya nguo. Kila nikianika nguo naliona. Nalifanya nini mimi? Nilirudishe machimboni? Wala sisemi nataka sherehe. Sijui ninataka nini. Lakini hakuna mtu aliyekuja kuniuliza! Watu wamekaa wakaniamulia, tena wamesema nimesema mimi."

"Sindano," mama aliita. "Toka huko chini."

Alitoka kwa magoti. Hakuweza kuwatazama wote wawili, akalitazama koti ukutani.

"Shikamoo, mama," alimwambia mke wa Nyundo.

"Marahaba."

"Ni mimi," Sindano alisema. "Mimi ndiye niliyesema shuleni."

"Nilikwambia hivyo?"

"Hapana."

"Kwa nini basi, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Hapo ndipo Sindano aliposhindwa. Angekuwa ameulizwa kwa ukali, labda angepata uongo mwingine. Lakini mama yule aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua kosa lake ili aombe radhi. Machozi yakamtoka Sindano, na neno likatoka nayo.

"Koti! Amepewa Kengele koti. Mimi nilimfundisha hata kutembea, halafu akapewa yeye. Nikaona ni afadhali asilivae mtu yeyote."

Mke wa Nyundo alinyanyuka polepole, akachukua gauni lake, akalikunja juu ya mkono.

"Kesho asubuhi nitakwenda shuleni mwenyewe," alisema. "Kinywa changu bado ninacho."

Alipoondoka, mama hakupiga kelele. Sindano alitamani apige. Badala yake alikwenda ukutani, akalishusha koti jekundu, akaligeuza ndani nje na kulitandaza mezani. Ndani hakukuwa na utepe wala shaba. Palikuwa na mishono tu, na mafundo madogo ya nyuzi za vifungo.

"Mteja anatazama nje," mama alisema. "Fundi anatazama wapi?"

"Ndani."

"Maneno uliyosema pale ukumbini, nje yake ni safi. Kuwaheshimu wafiwa, nani atakataa? Hata mimi nilipoyasikia niliona fahari. Sasa geuza ndani. Umeyashona kwa wivu, na palipokuwa hapatoshi ukaunga kiraka cha uongo." Alipapasa fundo moja kwa kidole. "Kuona wivu si ajabu, mwanangu. Mimi mwenyewe nimewahi kumwonea wivu fundi mwenzangu mpaka nikakosa usingizi. Lakini wewe umechukua kinywa cha mama aliyefiwa, ukakitumia kwa shida zako. Hilo kesho utalisema wewe mwenyewe, mbele ya kila aliyekusikia Jumatatu. Sitakusaidia hata neno moja. Nitakuwepo tu."

Ijumaa asubuhi Sindano alisimama ukumbini mahali pale pale. Mkononi alikuwa ameshika kifungo cha akiba bila kujua alikitoa wapi. Alisema yote: kwamba mke wa Nyundo hakusema lolote, kwamba yeye ndiye aliyetunga, na sababu yake. Alipofika kwenye sababu, alikwama, akalazimika kuanza upya. Mwalimu wa muziki alitazama sakafu. Hakuna aliyemwambia kwamba amekomaa.

Kengele alikuwa mstari wa mbele. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Ulinifundisha kutembea," alisema. "Halafu ukataka nianguke."

Siku hiyo Kengele aliketi dawati la nyuma, na nafasi ya pembeni mwa Sindano ikabaki wazi mpaka kengele ya mwisho.

Mwalimu Mkuu alimpa adhabu ya kufagia ukumbi mwezi mzima, kisha akafanya jambo ambalo alikiri alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Aliwaita wafiwa ofisini kwake na kuwauliza. Sindano aliambiwa aketi kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, asikie.

Hawakukubaliana upesi. Mama wa yule kijana alisema hataki ngoma kabisa.

"Mwanangu alipenda kucheza," alisema. "Nikisikia ngoma nitatoka mbio kumtafuta kati ya watu. Mji ukifurahi wiki hii, mimi nitauchukia. Nawaambieni ukweli."

"Na mimi kimya hiki kinaniua, dada," alijibu mke wa Nyundo. "Jiwe liko uani. Nikilala naliona."

"Basi mimi na wewe tufanyeje?"

Benchi lilikuwa gumu, na Sindano hakuthubutu kujisogeza. Alikuwa amedhani jibu ni moja tu, ndiyo au hapana, na kwamba mtu anaweza kulisema kwa niaba ya wote.

"Tusifanye sherehe," mke wa Nyundo alisema mwishowe. "Tuweke jiwe. Hakuna makofi, hakuna kucheza, hakuna hotuba. Watoto waje na ule mdundo wa kazi, basi. Na wapite njia ya juu, wasipite mlangoni kwako."

Mama wa kijana alifikiri. "Wakipita njia ya juu, sawa. Mimi nitabaki ndani. Lakini asije mtu kuniambia nilipaswa kutoka."

"Hatakuja mtu," alisema Mwalimu Mkuu.

Jumamosi asubuhi wanabendi walikusanyika katika chumba cha ushonaji. Kilikuwa kimebaki kitambaa cheusi cha gauni la mke wa Nyundo, na mwenyewe aliomba kikatwe vipande, kila mtoto afungwe kimoja mkononi. Mama alishona vya wengine kwa cherehani. Cha koti jekundu alimpa Sindano akishone kwa mkono.

Kengele alikuwa ameshalivaa. Alisimama wima, akatazama ukuta. Sindano alimkaribia na uzi mweusi. Utepe wa mabegani uling'aa, na wivu ukamchoma tena pale pale, kwenye tundu lake la zamani. Safari hii hakuupa kiti.

"Nisamehe," alisema.

"Shona tu," Kengele alijibu.

"Nipe mkono."

"Upi?"

"Wa kushoto."

Kengele alinyoosha wa kulia. Sindano alisita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wenye uzi."

Mabega ya Kengele yalitikisika. Kicheko kilimfika kooni, akakimeza kwa sababu ya siku ile, akabadilisha mkono. "Usinidunge," alisema. Sindano alishona mishono midogo kuliko yote aliyowahi kushona.

Bendi ilipanda njia ya juu. Matarumbeta yaliachwa shuleni. Kengele alitangulia, fimbo ameishusha, na nyuma yake Sindano akaipiga ngoma kubwa: moja, mbili, tatu, kimya. Watu walisimama vibarazani bila kusema kitu. Mwanzoni Sindano alihesabu kile kimya ili asikosee. Walipofika maktaba hakuwa anahesabu tena, alikuwa anasikiliza, na ndani ya kimya hicho alisikia nyayo za watoto wenzake na mtu mzima fulani akilia mahali fulani pembeni.

Jiwe lilikuwa juu ya meza mbele ya mlango. Wachonga mawe walikuwa wamesimama upande mmoja, na mmoja wao akampa mke wa Nyundo nyundo ya mumewe. Hakuwahi kuligonga jiwe hadharani maishani mwake. Aliinua mkono, akaligonga mara tatu.

Jiwe lililia. Lililia sauti nyembamba, safi, iliyokwenda mpaka nyuma ya umati. Hakuna aliyepiga makofi. Mke wa Nyundo alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa, na wanaume wawili wakalipandisha jiwe kwenye pengo lake. Mlango wa maktaba ukafunguliwa. Watoto wa darasa la kwanza waliingia wa kwanza, wakinong'ona.

Mama wa yule kijana hakuja, na hakuna aliyemlaumu.

Jioni Sindano alikuwa tena chini ya meza na sumaku. Mama alikuwa anakunja vitambaa.

"Umejifunza nini?" mama aliuliza.

"Nisiseme uongo."

"Hilo ulilijua tangu ukiwa na miaka minne."

Sindano alifikiri, pini zikirukia sumaku. "Nisimsemee mtu ambaye sijamuuliza. Na kabla sijasema neno zuri, niligeuze ndani nje, nione nimelishona na nini."

"Sasa ndiyo umesema," mama alijibu. "Kuna siku mji hucheka na siku mji hulia, na kuna siku kama leo ambayo haijulikani ni ipi. Siku hizo hazina fundi wa kujua peke yake. Unawauliza wenye machungu, unanyamaza, unawasikiliza mpaka mwisho. Na anayetaka kuwasaidia awe na moyo mweupe, la sivyo atawaumiza huku akijiita mwema." Akainama, akachungulia chini ya meza. "Hebu niambie. Bado unamwonea wivu Kengele?"

Sindano alitazama koti lililorudishwa ukutani, na kile kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti.

"Kidogo," alisema.

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Ungesema hapana, ningeanza kukuangalia upya. Haya, toka huko. Jumatatu nenda mapema, umsaidie rafiki yako kurudisha vitabu vyake kwenye dawati lenu."